Gawio Hili Limetoka Wapi?

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni ambayo nilikuwa nimenunua hisa zake kwa sababu moja tu: gawio lake, yaani fedha ambazo kampuni huwagawia wenye hisa, lilikuwa sawa na asilimia 11 ya bei ya hisa, wakati amana za benki zilikuwa zikilipa chini ya nusu ya hapo. Ajenda ya gawio ilipofika, mama mmoja mtu mzima alisimama kwenye safu ya mbele akiwa ameshika ripoti ya mwaka aliyoikunja kwenye ukurasa mmoja, ukurasa alioupigia mistari kwa penseli. "Mwenyekiti, mwanangu," alisema, "nimesoma hapa kwamba fedha zilizoingia mwaka huu kutokana na biashara ni pungufu ya hizi mnazotaka kutugawia. Naomba nifahamishwe, gawio hili limetoka wapi?" Mwenyekiti alimshukuru kwa swali zuri, akaeleza imani ya bodi kuhusu mustakabali wa kampuni, kisha azimio likapigiwa kura na kupita, nami nikiwa miongoni mwa walionyoosha mikono kuliunga mkono. Mwaka uliofuata hapakuwa na gawio, na bei ya hisa ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya ile niliyonunulia.

Tangu siku hiyo kila ninapoitazama kampuni ninaanza na swali la mama yule, na ninaamini ndilo swali ambalo mtu anayetaka kujijengea kipato cha kudumu kwa hisa anapaswa kulijibu kabla hajauliza gawio ni kiasi gani. Wengi wetu tunafanya kinyume chake. Tunachukua orodha ya kampuni zilizoorodheshwa sokoni, tunazipanga kwa asilimia ya gawio kuanzia kubwa hadi ndogo, tunanunua zile za juu na kuamini kwamba tumekwisha kuchimba kisima. Orodha iliyopangwa hivyo mara nyingi huanza na kampuni zilizo taabani.

Sababu iko ndani ya hesabu yenyewe. Asilimia ya gawio hupatikana kwa kuchukua gawio lililolipwa katika miezi 12 iliyopita na kuligawa kwa bei ya hisa ya leo. Hisa yenye bei ya 100 iliyolipa gawio la 5 ina asilimia 5. Wanunuzi wakianza kuitilia shaka kampuni hiyo na bei ikaporomoka hadi 50, asilimia itasomeka 10, ingawa kampuni haijaongeza chochote kwa wanahisa wake. Gawio ni la jana, ilhali bei ni ya leo na ndani yake imebeba hofu ya kesho. Kwa hiyo, pale ambapo kampuni imara zinatoa asilimia 3 au 4 na moja peke yake ikatoa 10, tafsiri ya kawaida ni kwamba soko halitarajii gawio hilo lilipwe tena kwa kiwango kile. Soko huweza kukosea, na wapo wanaoijua biashara fulani kwa undani kiasi cha kufaidika na kosa hilo, lakini mtu anayetafuta kipato cha kutegemea kwa miaka 20 hana sababu ya kujiingiza katika mabishano na soko kuhusu afya ya kampuni inayougua.

Inafaa pia kukumbuka gawio ni nini. Mkopeshaji ana mkataba unaomhakikishia riba yake, na akinyimwa anaweza kwenda mahakamani. Mwanahisa hana dai la namna hiyo. Gawio ni sehemu ya mali ya kampuni ambayo bodi imeamua kuwagawia wenye kampuni, na bodi hiyohiyo inaweza kuamua kutogawa, kwa sababu nzuri au mbaya. Tena fedha inayolipwa inatoka ndani ya kampuni, haishuki kutoka mahali pengine, na ndiyo maana siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei yake kwa kawaida hupungua kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Anayenunua kwa 100 siku chache kabla ya daftari la wanahisa kufungwa ili adake gawio la 4 hujikuta na hisa ya takriban 96 mkononi, na ile 4 mara nyingi hukatwa kodi kabla haijamfikia. Hajapata kitu; amejirudishia fedha yake mwenyewe ikiwa pungufu.

Uhusiano huo wa gawio na mali halisi ulionekana wazi zaidi zamani. Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602 na kujulikana kwa kifupi kama VOC, ililipa gawio lake la kwanza mwaka 1610 kwa viungo, basibasi na pilipili manga, kwa kuwa fedha taslimu ilikuwa haba na maghala yalikuwa na bidhaa. Wanahisa hawakufurahi, lakini angalau hakuna aliyehitaji kuuliza gawio limetoka wapi. Siku hizi tunalipwa kwa tarakimu zinazoingia kwenye akaunti, na tarakimu za gawio lililotokana na mauzo hazina tofauti yoyote na za gawio lililotokana na mkopo.

Mfano ninaoutumia zaidi ninapojadili jambo hili ni Carillion, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikijenga na kuhudumia hospitali, shule na miundombinu ya serikali. Kwa kipimo cha wawindaji wa magawio ilikuwa kampuni ya kupigiwa mfano, kwa sababu ilikuwa ikiongeza gawio mwaka hadi mwaka, na katika ripoti yake ya mwaka 2016 ilijivunia rekodi hiyo. Juni 2017 iliwalipa wanahisa. Tarehe 10 Julai 2017, wiki chache tu baadaye, ilitangaza kwamba inalazimika kufuta pauni milioni 845 katika thamani ya mikataba yake, na bei ya hisa ikaporomoka siku hiyohiyo. Tarehe 15 Januari 2018 ikaingia katika ufilisi ikiwa na pauni milioni 29 tu za fedha taslimu, huku madai dhidi yake yakikaribia pauni bilioni 7. Kamati za Bunge la Uingereza zilizochunguza anguko hilo zilionyesha kwamba kwa miaka kadhaa kampuni ilikuwa ikilipa magawio makubwa kuliko fedha zilizotokana na shughuli zake, huku deni lake likipanda na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi ukiwa na pengo kubwa.

Ninachotaka msomaji akione hapo ni kwamba gawio lilikuwa likipanda wakati kampuni inakufa. Rekodi ya miaka mingi ya kuongeza gawio ni ushahidi wenye thamani, lakini ni ushahidi wa mambo yaliyopita, na bodi inayoogopa kuvunja rekodi hufika mahali pa kukopa ili kuilinda. Mwaka 1956 mwanauchumi John Lintner, baada ya kuzungumza na viongozi wa kampuni 28 za Marekani, alieleza tabia hii kwa uwazi: viongozi huchukia kupunguza gawio, kwa hiyo huliongeza polepole, pale tu wanapoamini faida mpya itadumu. Kwa mwekezaji tabia hiyo ni baraka kwa sehemu kubwa, kwani ndiyo inayofanya gawio kutulia wakati faida inayumba. Ni hatari pale inapogeuka kuwa ukaidi.

Jibu la swali la mama yule halipatikani kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti, ule wenye picha na maneno ya mwenyekiti, wala halipatikani kikamilifu kwenye taarifa ya faida na hasara. Faida ni makadirio kwa kiasi kikubwa. Kampuni ya ujenzi inaweza kuhesabu leo faida ya mkataba utakaolipwa baada ya miaka mitatu, na kampuni ya biashara inaweza kuandika mauzo kwa wateja ambao hawajalipa na pengine hawatalipa. Ukurasa wa kufungua ni wa taarifa ya mtiririko wa fedha. Tafuta mstari wa fedha zilizotokana na shughuli za biashara, toa humo fedha zilizotumika kununua na kukarabati mitambo, majengo na vifaa, na kinachobaki ndicho kinachoweza kugawiwa bila kuidhoofisha kampuni. Kisha shuka chini kidogo hadi sehemu ya ugharimiaji, yaani ile ya fedha zinazotoka au kwenda kwa wakopeshaji na wanahisa, utaona gawio lililolipwa, na mara nyingi jirani yake mikopo mipya iliyochukuliwa. Ikiwa kilichobaki ni 100 na gawio ni 55, kampuni inapumua. Ikiwa kilichobaki ni 60, gawio ni 90 na mkopo mpya ni 40, umekwisha kujua gawio limetoka wapi, na huhitaji shahada ya uhasibu kulitambua hilo. Mwaka mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa na maelezo halali, kwa mfano kiwanda kipya kinachojengwa. Mitatu mfululizo inahitaji maelezo mazito sana.

Baada ya usalama wa gawio ndipo linakuja jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa uwekezaji huu, yaani ukuaji wake. Kati ya mwaka 1988 na 1994 kampuni ya Berkshire Hathaway, chini ya mwekezaji Mmarekani Warren Buffett, ilinunua hisa za Coca-Cola kwa jumla ya dola bilioni 1.3. Mwaka 1994 hisa hizo ziliipatia gawio la dola milioni 75, yaani chini ya asilimia 6 ya fedha iliyowekwa, kiasi ambacho hakuna mwindaji wa asilimia kubwa angekishangilia. Mwaka 2022 hisa hizohizo, bila kununuliwa nyingine hata moja, zilileta dola milioni 704. Hiyo ni zaidi ya nusu ya gharama yote ya ununuzi, kwa mwaka mmoja, na imetokana na gawio lililokua kwa wastani wa takriban asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 28. Katikati ya safari hiyo bei ya hisa ya Coca-Cola ilifika kilele mwaka 1998, kisha ikakaa zaidi ya miaka kumi bila kukivuka. Aliyetazama bei peke yake aliona muongo uliopotea. Aliyetazama gawio aliliona likiongezeka kila mwaka.

Hata hivyo, nisingependa ukuaji ugeuzwe kuwa wimbo, kwa sababu unadai subira ambayo watu huitamka kirahisi. Chukua kampuni mbili, na weka 100 katika kila moja. Ya kwanza inalipa 8 kila mwaka bila kuongeza. Ya pili inaanza na 3, ikiongeza asilimia 9 kila mwaka. Gawio la mwaka la kampuni ya pili litaipita ya kwanza katika mwaka wa 13, si kabla ya hapo, na ukijumlisha yote uliyopokea tangu mwanzo, ya pili itaongoza katika mwaka wa 21. Miaka 21 ni muda wa kumlea mtoto hadi akajitegemea. Mtu mwenye umri wa miaka 30 anayo miaka hiyo, na kwake kampuni ya pili ni chaguo bora. Mstaafu anayehitaji fedha mwezi ujao ana haki ya kuipendelea ya kwanza, mradi afahamu kwamba 8 isiyokua huliwa na mfumuko wa bei: bei za vitu zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, thamani ya 8 hiyo hubaki nusu baada ya miaka 12. Ushauri unaotolewa bila kuuliza umri na mahitaji ya anayeshauriwa ni wa kuutilia shaka.

Liko pia suala la ukubwa wa mtaji, ambalo wanaonadi kipato kisicho na jasho huliruka. Kwa gawio la asilimia 4, mtu anayetaka magawio yalipe matumizi yake yote anahitaji hisa zenye thamani ya mara 25 ya matumizi yake ya mwaka mzima, kabla ya kodi. Kwa mfanyakazi wa kawaida kiasi hicho hakipatikani kwa kuokota hisa kwa ustadi. Kinapatikana kwa kuweka akiba kwa miongo na kuyarudisha magawio kununulia hisa nyingine. Nguvu ya kurudisha ni ya kweli na inapimika. Hata gawio lisipokua kabisa, asilimia 4 ikirudishwa yote kila mwaka kwa bei ileile huongeza idadi ya hisa mara mbili katika miaka 18. Kinachowashinda wengi ni miaka mitano ya mwanzo, ambapo gawio linaloingia ni dogo kiasi cha kuonekana halina maana na mkono unashawishika kulila. Ninawaelewa, kwani nami nililila. Lakini gawio linaloliwa mapema hivyo ni mbegu, na sehemu kubwa ya kile kitakachokuwa kipato baadaye imo ndani yake.

Ada na kodi nazipitia kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa zinatofautiana nchi hadi nchi. Ada ya dalali ikiwa na kiwango cha chini kisichobadilika, manunuzi madogo ya kila mwezi yanaweza kupoteza gawio la mwaka mzima katika ada, hivyo ni heri kukusanya na kununua mara chache. Kodi ya zuio, pale inapotozwa, hukatwa kabla gawio halijakufikia, na kwa hisa za nchi nyingine inaweza kukatwa mara mbili pasipokuwa na mkataba wa kodi kati ya nchi hizo. Asilimia inayopaswa kulinganishwa na riba ya benki au ya hatifungani (mkopo unaoikopesha serikali au kampuni) ni ile inayobaki baada ya makato hayo.

Kuna hoja nzito dhidi ya mtazamo wote huu, na haifai kuipuuza. Mwaka 1961 wanauchumi Merton Miller na Franco Modigliani walionyesha kwamba, katika soko lisilo na kodi wala gharama, sera ya gawio haibadilishi thamani ya kampuni: anayehitaji fedha anaweza kuuza sehemu ndogo ya hisa zake na akawa amejitengenezea gawio mwenyewe. Berkshire Hathaway yenyewe, inayopokea mamilioni hayo ya Coca-Cola, imelipa gawio mara moja tu chini ya Buffett, mwaka 1967. Hakuna mgongano hapo. Swali ni nani ataitumia fedha ile vizuri zaidi, kampuni au mwanahisa, na kampuni yenye miradi ya kuzalisha faida kubwa inapaswa kubaki nayo. Apple haikulipa gawio lolote tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi mwaka 2012, na walioishikilia muda huo wote hawana cha kulalamikia. Kwa hiyo anayekataa kila kampuni isiyotoa gawio anajifungia nje ya biashara nyingi nzuri, na ninakiri kwamba mkusanyiko wa hisa za gawio pekee unaweza kukua taratibu kuliko soko zima.

Ninachojibu ni kwamba soko lisilo na gharama limo vitabuni, na mwekezaji ninayemwandikia hamo. Kuuza sehemu ya hisa kila mwezi kunamlazimu mtu aamue upya kila mwezi, na uamuzi huo ni mgumu zaidi pale bei zinapokuwa zimeanguka, wakati ambapo inabidi kuuza hisa nyingi zaidi ili kupata fedha ileile. Gawio humwachia hisa zake zote. Huipa pia bodi sababu ya kuwa na nidhamu, kwa kuwa fedha iliyoahidiwa wanahisa haiwezi kutumika kununua kampuni nyingine kwa ajili ya sifa za mkurugenzi mkuu. Na kwa mtu asiye na muda wa kulifuatilia soko, gawio linaloingia kila mwaka humsaidia kushikilia hisa zake nyakati za hofu, jambo ambalo hesabu za 1961 hazikulenga kulipima.

Lakini asishikilie kampuni moja, wala sekta moja. General Electric, kampuni kubwa ya viwanda ya Marekani, ilipunguza gawio mwaka 2009 kwa mara ya kwanza tangu 1938, ikalikata nusu mwaka 2017, na mwaka 2018 ikalishusha hadi senti moja kwa robo mwaka. Shell ililipunguza kutoka senti 47 za dola hadi 16 mnamo Aprili 2020, punguzo la kwanza tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wiki chache kabla ya hapo mamlaka inayosimamia benki nchini Uingereza ilizitaka benki kubwa zizuie magawio yao kwa sababu ya janga la korona, na HSBC, Barclays na wenzao wakayafuta magawio yaliyosalia ya mwaka 2019 ambayo wanahisa walikuwa tayari wakiyasubiri. Kusoma taarifa za fedha kungemwonya mwekezaji wa General Electric mapema. Kusingemsaidia sana wa benki, kwa sababu pigo lake lilitoka nje ya kampuni. Kinga ya pigo la namna hiyo ni kugawanya mtaji katika kampuni 15 au 20 za sekta tofauti, au katika mfuko wa pamoja unaofanya hivyo kwa ada ndogo, kiasi kwamba kampuni mbili zikinyamaza mwaka mmoja, nyumba isikose mahitaji.

Mimi mwenyewe kazi yote hii inanichukua siku chache kwa mwaka. Ninalo daftari ambalo kila kampuni ina ukurasa wake wenye safu tatu: mwaka, fedha iliyobaki kwa kila hisa baada ya mitambo na majengo, na gawio kwa kila hisa. Ripoti ya mwaka ikitoka ninajaza mstari mmoja na kufunga. Ukurasa wa ile kampuni ya asilimia 11 bado upo. Niliujaza baada ya mambo kuharibika, kwa kutumia ripoti za zamani ambazo muda wote zilikuwa ndani ya kabati langu, na nikakuta kwamba safu ya pili ilikuwa imeanza kuwa ndogo kuliko ya tatu miaka mitatu kabla ya mkutano ule nilionyoosha mkono.